Futeni Ada ya Kuunganishiwa Maji, Tutailipa Sisi Wenye Bomba

Jijini Dar es Salaam, anayenunua maji kwa bei ghali kuliko wote haishi Masaki wala Oysterbay. Anaishi Tandale, Manzese, Keko, Mbagala, na nyumbani kwake hakuna bomba. Hesabu yake haihitaji mchumi. Katika miaka ya karibuni uniti moja ya maji, yaani lita 1,000, imekuwa ikiuzwa kwa mteja wa nyumbani kwa Sh1,663. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20, kwa hiyo ndoo inayochotwa kwenye bomba la ndani inagharimu kama Sh33. Anayeinunua ndoo hiyo kwa jirani kwa Sh100 analipa Sh5,000 kwa uniti, mara tatu. Anayeinunua kwa Sh200 analipa mara sita. Siku za mgao, guta likifika mtaani na ndoo imepanda hadi Sh500, uniti inakuwa Sh25,000: mara kumi na tano ya bei anayolipa mwenye bustani na bwawa la kuogelea.

Tumezoea kumlaumu mchuuzi. Msukuma mkokoteni anayepandisha madumu kwenye vichochoro vya Manzese anauza jasho lake, na mtaa mzima ungelala na kiu kama asingefika. Lawama iende kwa sera inayoipima bei ya uniti kwa mizani ya dhahabu, kisha ikaiacha ada ya kuunganishiwa isimame mlangoni kumzuia maskini asiifikie bei hiyo. Ninachodai ni hiki: ada ya kuunganishiwa maji ifutwe kwa kila nyumba ya makazi inayoomba kwa mara ya kwanza, na gharama yake tuibebe sisi tuliokwisha kuunganishwa, kidogo kidogo, ndani ya ankara zetu.

Tazama bei inavyopangwa. Mamlaka ya maji hupeleka maombi EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. EWURA huitisha taftishi, mkutano wa hadhara ambako mamlaka hujieleza, Baraza la Ushauri wa Watumiaji huwasilisha hoja zake, na wananchi husimama mmoja mmoja kutoa dukuduku. Ni utaratibu mzuri, nami nautetea. Lakini sikiliza kinachobishaniwa humo: uniti iongezwe shilingi ngapi. Mama wa Tandale anayenunua ndoo asubuhi na jioni hana dira wala namba ya akaunti, na hatumiwi ujumbe wa ankara. Bei ya uniti ikipanda, mchuuzi atamfikishia nyongeza siku hiyo hiyo. Ikishuka, hakuna atakayemfikishia nafuu. Ushahidi uko kwa jirani zetu. Nairobi, katika bei zilizoanza mwaka 2015, wenye vioski waliuziwa maji kwa Sh20 za Kenya kwa uniti, yaani senti 40 kwa mtungi wa lita 20. Mwananchi aliendelea kuununua mtungi huo kwa Sh2, kwa Sh5, na kwa zaidi ya hapo maji yakiadimika. Serikali ilitoa nafuu, nafuu ikaishia njiani, kwa sababu aliyekusudiwa hakuwa na bomba la kuipokelea.

Chukua familia ya watu watano inayotumia ndoo sita kwa siku. Ni lita 120 za kupikia, kufulia, kuogea, kunywa na chooni. Lita 24 kwa kila mtu, kiasi ambacho mwenye bafu la kisasa anaweza kukimaliza kwa kuoga mara moja. Ndoo ikiwa Sh100, familia hiyo inatoa Sh600 kwa siku, Sh18,000 kwa mwezi. Maji hayo ni uniti 3.6. Yangetoka kwenye bomba lao wenyewe wangelipa kama Sh6,000. Sh12,000 zinapotea kila mwezi, Sh144,000 kila mwaka, na mwaka unaofuata tena. Kisha anatokea kiongozi jukwaani na kuwaasa wananchi wa kipato cha chini wajenge utamaduni wa kulipia huduma! Watu hawa wamelipia maji tangu walipohamia mjini. Wamekwisha kulipa thamani ya bomba, wakailipa tena, na bomba hawana.

Kwa nini basi hawavuti maji? Kwa sababu kinachodaiwa mlangoni ni laki kwa mpigo, na wao fedha wanaipata kwa buku na jero. Fomu ijazwe, serikali ya mtaa igonge mhuri, fundi aje apime, kisha inaletwa orodha: bomba la kutoka njia kuu, viungo, koki, kuchimba mtaro, kukata barabara ikibidi. Nyumba iliyo karibu na njia kuu inaweza kusalimika kwa laki chache. Iliyo mbali inalipia kila mita. Na uswahilini ndiko njia kuu zilikokwepa kupita, maana mabomba yalifuata viwanja vilivyopimwa, na waliopimiwa viwanja tunawajua. Kwa hiyo aliyenyimwa mipango miji jana ndiye anayetozwa umbali leo. Mamlaka zimeanza kuruhusu watu kulipa ada hiyo kwa awamu, jambo jema. Lakini mkopo wa laki tatu kwa mtu ambaye bado analazimika kununua ndoo hadi siku maji yatakapofika ni mzigo juu ya mzigo.

Konda wa daladala hamwambii abiria achangie tairi kwanza ndipo apande; gharama ya tairi imo ndani ya nauli, na wote wanaopanda wanaibeba. Huduma ya maji nayo inaendeshwa hivyo hivyo kila mahali isipokuwa mlangoni. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959 na wa Ruvu Chini mwaka 1976, na hakuna mkazi wa Upanga aliyeambiwa anunue kipande cha mtambo kabla ya kufungua koki. Pampu, matangi na mabomba makubwa vimejengwa kwa kodi, kwa misaada na kwa mikopo ambayo taifa zima linailipa. Mama wa Tandale amechangia kila alipolipa kodi iliyomo ndani ya vocha na sabuni. Amelipia mtambo, amelipia tangi, amelipia bomba kuu. Zimebaki mita chache za bomba jembamba, na hizo ndizo tunamtaka azilipe taslimu, peke yake, ndipo anufaike na yote aliyokwisha kuchangia. Sijui tumepata wapi ujasiri wa kuuita utaratibu huo haki.

Na asiseme mtu kwamba wazo langu ni geni. Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo halikufikiwa, na kufikia Sera ya Maji ya 1991 nchi ikawa imegeukia kuchangia gharama. Ikaja zamu ya wawekezaji. Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa City Water, kampuni iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na Superdoll ya hapa nchini. Tunakumbuka mwisho wake: makusanyo yakawa chini ya matarajio, Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba, na kesi ikaishia mwaka 2008 kwa baraza la usuluhishi la kimataifa kusema kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji lakini haina fidia ya kulipa. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Lakini katika kuutupa mkataba ule tulitupa na kitu kimoja chema kilichokuwamo: mpango wa mfuko maalumu, unaochangiwa kupitia ankara za wateja, wa kugharimia maunganisho ya mara ya kwanza majumbani. Hata waliokuja kufanya biashara walielewa kwamba bila mfuko wa namna hiyo maskini hawataunganishwa. Leo maji yamerudi mikononi mwa umma, kwanza kupitia DAWASCO, kisha tangu 2018 kupitia DAWASA. Kama shirika la umma haliwezi kuwafanyia maskini jambo ambalo hata mkataba wa ubinafsishaji ulilifikiria, basi umma wake uko wapi?

Najua jibu linalokuja. Nani atalipa? Tulipe sisi. Tuseme wateja 100,000 wa nyumbani wanatumia wastani wa uniti 15 kwa mwezi, na kila uniti inaongezwa Sh100 kwa ajili ya maunganisho mapya. Mimi na wewe tutaongeza Sh1,500 kwenye ankara. Mfuko utaingiza Sh150 milioni kila mwezi. Kuunganisha nyumba kukigharimu laki tatu, hizo ni nyumba 500 kwa mwezi, nyumba 6,000 kwa mwaka. Viwanda, hoteli na wenye matumizi makubwa wakichangia zaidi, idadi inapanda. Na kila nyumba inayoingia inakuwa mlipaji mpya ambaye jana fedha yake ilikuwa ikiishia kwenye guta. Shirika gani la biashara lenye akili huwatoza wateja kiingilio, ilhali wamesimama nje wameshika fedha mkononi?

Watasema pia maji yenyewe hayatoshi. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa pamoja ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku, na mwishoni mwa 2022 ukame uliposhusha mto Ruvu tuliona mgao ulivyouma. Bwawa la Kidunda, lililozungumzwa tangu enzi za baba zetu, lijengwe hadi likamilike. Lakini mnunuzi wa ndoo hatoki sayari nyingine. Hata leo anakunywa sehemu ya maji hayo hayo ya Ruvu, yakiwa yamepitia kwa jirani mwenye bomba, kwenye boza au kwenye mkokoteni. Kumuunganisha kunampunguzia bei, hakumuumbii kiu mpya. Na mgao ukija, ulinganifu wa maumivu uonekane: mwenye simtanki la lita 5,000 hupita wiki bila kutikisika, wakati asiye na bomba huanza kuumia siku ile ile tangazo linapotoka.

Hoja ya uhaba ingekuwa na uzito zaidi kama mabomba yetu yasingevuja. Kipimo cha EWURA kinataka upotevu wa maji usizidi asilimia 20. Kwa miaka mingi mamlaka zetu za mijini zimepoteza zaidi ya theluthi moja ya maji zinayoyazalisha, kwa mabomba yaliyopasuka, dira mbovu, wizi na maunganisho ya mlango wa nyuma. Maji hayo yamesukumwa kwa umeme uliolipiwa na kusafishwa kwa dawa iliyonunuliwa, na gharama yake imo ndani ya ankara ya kila mteja mwaminifu. Tunaweza kubeba mzigo wa maji yanayotiririka barabarani kwa wiki nzima baada ya wananchi kupiga simu, lakini tunaambiwa hatuwezi kubeba mita ishirini za bomba la jirani! Nakataa.

Fikiria na mpangaji. Katika nyumba ya vyumba sita, kila chumba familia, mwenye nyumba hana haraka ya kuvuta maji kwa sababu anayehangaika na ndoo si yeye. Mpangaji naye hawezi kufukia laki tatu kwenye ua ambao kesho anaweza kuambiwa auhame. Ada inakosa mwenyewe, na nyumba inakaa miaka bila bomba. Maji yakiingia, dira ni moja, na kila mwezi ankara inagawanywa kwa ugomvi. Palipo na bei ya ngazi, uniti za kwanza kwa bei ya chini na zinazofuata kwa bei ya juu, familia sita zenye dira moja huimaliza ngazi ya nafuu ndani ya siku chache, huku mtu anayeishi peke yake kwenye nyumba yake akibaki humo mwezi mzima. Nafuu ya namna hiyo imemkosa aliyekusudiwa na kumwangukia asiyeihitaji. Dawa ipo: nafuu ihesabiwe kwa idadi ya kaya zilizo nyuma ya dira, na mjumbe wa shina pamoja na serikali ya mtaa wanazijua kaya hizo kwa majina.

Kwenye majitaka dhuluma ni ile ile, ila inanuka. Mtandao wa majitaka wa Dar es Salaam kwa miaka mingi umehudumia takriban mkazi mmoja kati ya kumi, wengi wao katikati ya jiji na maeneo machache yenye bahati. Waliobaki wana mashimo. Aliye kwenye mtandao hulipia majitaka pamoja na ankara ya maji, hela ya kawaida, na uchafu wake unaondoka bila yeye kuuona. Mwenye shimo anasubiri lijae, kisha anatafuta gari la kunyonya majitaka kwa makumi ya maelfu ya shilingi kwa safari, kama gari lenyewe linaweza kupenya kichochoroni. Likishindwa, au fedha ikikosekana, mvua ikinyesha shimo linatapishwa. Kila mkazi wa bondeni anajua maana yake: tundu linafunguliwa usiku, kinyesi kinafuata maji ya mvua, na asubuhi watoto wanakanyaga humo wakienda shule. Vingunguti imebeba mabwawa ya kusafishia majitaka ya wengine kwa miongo, huku nyumba zake nyingi zikitegemea mashimo. Mnawapa harufu, mnawanyima bomba!

Haya yana gharama, na tumekwisha kuilipa. Agosti 2015 kipindupindu kilianza hapa hapa Dar es Salaam, kikasambaa karibu nchi nzima. Kufikia 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 wamekufa. Dripu, mahema ya karantini, dawa za kutibu visima, siku za kazi zilizopotea, vyote vilitoka kwenye mfuko huu huu wa umma unaodaiwa kwamba haumudu kuwanyonyea maskini mashimo. Kunyonya shimo ni huduma ya majitaka kama lilivyo bomba la chini ya ardhi, na bei yake ipangwe na EWURA, ifidiwe, na ichangiwe na sisi tulioko kwenye mtandao. Nairobi mwenye bomba la majitaka ametozwa kwa miaka mingi asilimia 75 ya thamani ya maji aliyotumia, na mji ukaendelea kuishi. Mwenye nyumba ya ghorofa Kariakoo anaweza kuongezewa kidogo ili shimo la Buguruni lisitapike kwenye chakula chake cha mchana. Bakteria wa kipindupindu hawaulizi akaunti ya nani imelipwa.

Sasa linakuja jambo la tatu, dira za malipo ya kabla. Zinasifiwa kwamba zinamaliza ankara za makadirio na madeni sugu, na kweli ankara za makadirio ni maudhi makubwa. Lakini dira inayofunga maji salio linapoisha ni mkato wa huduma usio na notisi, usio na afisa wa kumsihi, na usiojali kama ndani kuna mgonjwa au mtoto mchanga. Afrika Kusini ilijifunza kwa machozi. Mwaka 2000 huko KwaZulu-Natal, baada ya wanavijiji kuondolewa maji ya bure na kuwekewa koki za kulipia kabla, wengi walirudi mitoni na madimbwini, kukazuka kipindupindu kilichowaugua watu zaidi ya 100,000 na kuua zaidi ya 200. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikaweka sera ya kumpa kila mwananchi maji ya msingi bila malipo, lita 6,000 kwa kaya kwa mwezi. Sisi tunataka kuchukua kifaa na kuacha kinga yake. Ikiwa dira za malipo ya kabla ni lazima, basi ziwekewe kiasi cha chini ambacho hakifungwi kamwe, salio liwepo lisiwepo.

Julai 2010 Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kutambua maji na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 zilijizuia kupiga kura. Tanzania ilikuwa miongoni mwa hizo 41. Nchi ya Azimio la Arusha ilijizuia! Hatuwezi kuirudia kura ile, lakini kila bei mpya ya maji ni kura nyingine, na hii tunaweza kuipiga nyumbani.

Kwa hiyo taftishi ijayo ikiitishwa, twende na madai manne. Ada ya kuunganishiwa kwa nyumba ya makazi ifutwe, na mfuko wa maunganisho uandikwe waziwazi kwenye ankara, ukaguliwe na kutangazwa kila robo mwaka nyumba ngapi zimeunganishwa na mtaa gani. Mamlaka inayovuka asilimia 20 ya upotevu isiruhusiwe kumtwisha mteja gharama ya ziada inayovuja. Bei ya kunyonya mashimo ipangwe na ifidiwe. Na hakuna dira itakayomfungia mtu maji ya kunywa.

Wenye bomba wenzangu, tutakaposikia nyongeza ya Sh100 imetajwa ukumbini, tusisimame kuipinga kwa jina la maskini. Maskini hayumo kwenye orodha ya ankara, na jina lake tumelitumia vya kutosha kujilindia bei yetu. Tusimame tuseme ndiyo, tulipe, halafu tuidai mamlaka hesabu ya kila nyumba iliyounganishwa kwa fedha yetu.